Kurudisha trela nyuma: usukani mdogo, na mapema

Dereva aliyetoka kwenye gari dogo huja na mazoea yanayomponza siku ya kwanza ya rivasi. Mikono yake imeshajifunza kwamba ukitaka mkia wa gari uende kulia, unakata usukani kulia. Kwenye lori lenye trela mambo yamegeuka. Ukikata kulia huku unarudi, nyuma ya kichwa, yaani ile sehemu ya mbele yenye injini na dereva, inakwenda kulia na kuisukuma pini inayounganisha trela na kichwa upande huohuo. Trela nalo linazungukia matairi yake ya nyuma, kwa hiyo mkia wake unakwenda kushoto.

Wanafunzi wetu hulielewa hili haraka likichorwa ubaoni. Mikono ndiyo inayochelewa. Ndiyo maana walimu wengi huwaanzisha kwa kushika usukani sehemu ya chini kabisa, maana hapo mkono unakwenda uelekeo uleule unaotaka mkia uende. Mbinu hiyo inafaa kuvunja uoga, lakini usiizoee, kwa sababu ukihitaji kuuzungusha usukani mpaka mwisho, mkono mmoja wa chini hautoshi. Kwa kurudi moja kwa moja kuna kanuni rahisi zaidi: trela likianza kujaa kwenye kioo cha kushoto, kata kidogo kushoto, likijaa kulia, kata kidogo kulia. Kisha nyoosha kabla halijanyooka lenyewe kabisa.

Neno la kuzingatia hapo ni “kidogo”. Makosa mengi ninayoyaona uwanjani hayatokani na kukata upande usio sahihi, bali na kukata sana kwa kuchelewa. Trela refu halijibu papo hapo. Dereva mgeni anakata, haoni kitu, anaongeza, bado haoni kitu, anaongeza tena. Trela linapoanza kujibu, linajibu yale yote matatu kwa pamoja. Trela fupi ni kinyume: linajibu upesi mno, na wengi hushangaa kwamba ni gumu kuliko lile refu. Dawa ya yote mawili ni mwendo. Tumia gia ya chini kabisa ya rivasi, uache injini itembee yenyewe bila kukanyaga mafuta, bila kuchezea klachi. Kama gia ni za otomatiki, dhibiti mwendo kwa breki. Ukienda taratibu, kosa linaonekana likiwa bado dogo.

Sasa tufike kwenye jambo linalowachanganya watu kuliko kinyume cha usukani. Trela likishakunja, wengi hudhani kwamba ukinyoosha usukani, kona itabaki pale ilipo. Haibaki. Matairi ya mbele yakiwa yamenyooka na trela tayari limekunja, kila hatua ya kurudi nyuma inaongeza ule mkunjo. Ni kama kusimamisha fimbo juu ya kiganja: ikianza kuinama haijirudishi, lazima mkono uifuate. Kwa hiyo kila kona ya rivasi ina sehemu mbili. Kwanza unalivunja trela, yaani unakata usukani kinyume na unakotaka mkia uende ili mkunjo uanze. Halafu unalifuata, yaani unaurudisha usukani upande ule ambao mkia unaelekea, ili kichwa kilifuate trela na mkunjo usiendelee kukua. Anayejua kuvunja tu, bila kufuata, atakunja lori lake kila siku.

Mkunjo ukipita kiasi, hata usukani uliokatwa mpaka mwisho hauwezi kuuokoa. Ukiendelea kurudi, kona ya mbele ya trela inaugonga mgongo wa kichwa, mipira ya kupitishia upepo wa breki inakatika au vioo vinavunjika. Ukifika hapo, simama, weka gia ya mbele, nenda mbele. Trela linalovutwa hunyooka lenyewe. Baadhi ya mitihani ya leseni za magari makubwa huhesabu mara ngapi umesogea mbele, na nadhani ndiko ilikoanzia aibu ya kusogea mbele. Kazini hakuna anayehesabu. Watakuwepo watu wanaosimama pembeni, mikono kiunoni, wakitoa ushauri ambao hukuomba. Waache wasimame.

Kwa kona ya nyuzi 90 kuingia kwenye jukwaa la kupakulia, kazi kubwa inafanyika kabla ya kugusa gia ya rivasi. Panga ukaribie ukiwa na nafasi ya kuingilia upande wa dereva, ili ukitazama nyuma uone ubavu wa trela, matairi yake na pembe ya nafasi unayoingia. Ukirudi kwa upande wa abiria, kioo cha upande huo kinajaa ubavu wa trela tu, na kilichoko nyuma yake hukioni kabisa. Kama unaweza kuzunguka uje kwa upande wa kuona, zunguka, hata kama ni mbali. Ipite nafasi, kisha kata kwenda nje ili lori lisimame mshazari, mkia ukiwa tayari unaitazama nafasi. Ukianzia kwenye nyuzi kama 45 badala ya 90, umebakiza nusu ya kona.

Wakati unarudi, macho yafuate matairi ya trela na siyo taa za mkiani, kwa sababu trela zima linazungukia pale. Matairi yakikaribia pembe ya nafasi bila kuigusa, mkia utaingia. Na usisahau pua. Mkia ukiwa unaingia ndani, kona ya mbele ya kichwa inafagia nje kwa upana, mara nyingi kuelekea lori lililoegeshwa mbele yako. Dereva aliyezama kwenye kioo cha nyuma huligonga bila hata kulitazama.

Kabla ya yote hayo, weka breki ya kuegesha, shuka, uzunguke kwa miguu. Tazama juu pia: nyaya, matawi, paa linalojitokeza. Tazama chini: mifuniko ya mitaro, udongo laini, nguzo fupi ambazo kioo hakizioni. Kamera ya nyuma inasaidia, lakini mara nyingi haikuonyeshi kilichoko juu ya trela. Rudi ndani, zima redio, fungua madirisha, washa taa za hadhari, piga honi. Ukiwa katikati na una shaka, shuka tena.

Ukiwa na mtu wa kukuongoza, awe mmoja tu, na mkubaliane ishara ya kusimama kabla hujaanza. Asisimame kati ya trela na ukuta hata kwa sekunde moja. Ukimpoteza kwenye kioo, simama mpaka umwone tena.

Mazoezi yafanyike kwenye uwanja mtupu, kwa koni na siyo kuta. Anza na kurudi moja kwa moja kwa umbali mrefu mpaka uchoke. Wengi huruka hatua hii kwa sababu inaonekana rahisi, kisha wanakwama kwenye kona kwa kuwa hawajazoea kugusa usukani kidogo. Ndipo ujaribu kurudi ukihamia mstari wa jirani, halafu nyuzi 45, halafu 90.

Jambo la mwisho ni milango. Mingi ya trela za boksi hufunguka kwa nje, kwa hiyo ifungue na kuifunga pembeni kabla hujafika jukwaani, la sivyo utarudi mbele tena. Ukigusa jukwaa, weka breki, zima injini, weka vizuizi vya matairi, na usiondoke mpaka anayepakua akuambie kwamba ameshatoka ndani.