Spitfire Mk IX: toleo la dharura lililodumu hadi mwisho wa vita

Nikiulizwa ni toleo gani la Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, lililofaa kuliko yote katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jibu langu ni Mk IX (Mark IX, yaani toleo la tisa), japo walioiunda waliihesabu kuwa ya muda tu. Kazi yangu ni injini za ndege, kwa hiyo nitaanzia humo.

Mwaka 1941 Waingereza walitegemea Mk V, yenye injini ya Merlin 45. Kabla mwaka haujaisha, ndege za Kijerumani aina ya Focke-Wulf Fw 190 zikaanza kuonekana katika anga ya Ufaransa. Zilikuwa na mbio zaidi na zilipanda upesi zaidi. Mk V ilizishinda kwa kukata kona kali, basi. Juni 1942 rubani Armin Faber alipotea njia akatua na Fw 190 yake, ikiwa nzima, katika uwanja wa Pembrey, Wales. Waingereza wakairusha na kuipima, na malalamiko ya marubani wao yakathibitika.

Dawa ilikuwa Merlin 61. Ndege ikipaa juu sana hewa huwa haba, na injini huishiwa nguvu. Supachaja ya Merlin 45, yaani kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, ilisindilia hewa kwa feni moja. Ya Merlin 61 ilikuwa na feni mbili, ya kwanza ikiikabidhi hewa kwa ya pili. Lakini hewa ikisindiliwa hupata joto, na ikiingia kwenye silinda ikiwa ya moto, mafuta huweza kulipuka kabla ya wakati wake. Ndiyo maana kikawekwa kipoozeo kati ya supachaja na silinda. Joto hilo lilihitaji rejeta zaidi, na hapo ndipo utakapoitambua Mk IX: simama mbele yake, chungulia chini ya mabawa. Mk V ina kasha nene upande mmoja na jembamba upande wa pili. Mk IX ina makasha mawili yaliyolingana, na propela yake ina mapanga manne badala ya matatu. Angani, kwa mbali, adui hakuweza kuzitofautisha, na hilo peke yake lilikuwa silaha.

Mpango kamili ulikuwa Mk VIII, iliyosanifiwa upya kwa ajili ya injini hiyo. Ingechelewa, na vijana walikuwa wanakufa. Merlin 61 ikafungwa kwenye bodi ya Mk V iliyoimarishwa, na Julai 1942 Kikosi cha 64 kule Hornchurch kikaanza kuzirusha. Agosti, katika shambulio la Washirika dhidi ya Dieppe, bandari ya Ufaransa, zilikuwa bado chache mno. Waingereza na washirika wao walipoteza ndege zipatazo 100 kwa siku moja.

Mk VIII naikubali kwa usanifu, ila ziliundwa takriban 1,650 tu. Mk IX zilipita 5,600, kwa sababu kiwanda cha Castle Bromwich hakikulazimika kuanza upya. Nyingi zilikuwa LF IX (LF ni alama ya ndege ya kimo cha chini), zenye Merlin 66, iliyorekebishwa itoe nguvu zake katika kimo cha chini kidogo, kule kule Fw 190 ilikokuwa ikitamba.