Begi la Dharura la Redio ya Ridhaa: Anza na Betri

Septemba 2017, Kimbunga Maria kilipopiga Puerto Rico, zaidi ya asilimia 90 ya vituo vya simu za mkononi viliacha kufanya kazi. Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba waendeshaji wa redio ya ridhaa, yaani watu wenye leseni ya kuwasiliana kwa redio zao binafsi bila malipo, waende kusaidia mawasiliano. Anayeitwa kwenye kazi kama hiyo hapati nafasi ya kuzunguka nyumba akitafuta waya. Anabeba begi, anaondoka.

Kwenye mafunzo, swali la kwanza huwa: ninunue redio gani? Sisi tungependa swali la kwanza liwe la umeme, kwa kuwa redio ya kawaida yenye betri ya kutosha itakufaa kuliko redio ya kifahari iliyozima saa tatu usiku.

Hesabu yake si ngumu. Chukua redio ya wati 10 inayotumia ampia 0.5 ikisikiliza na ampia 2.5 ikirusha. Ukizungumza dakika 6 katika kila saa, utatumia takriban ampia-saa 0.7 (ampia-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Kwa saa 24 hiyo ni karibu 17. Betri ya lithiamu-chuma-fosfati ya ampia-saa 20 itakuvusha. Ya risasi na asidi inahitaji kufika 35 hivi, maana ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, na uzito wake mgongo utausikia. Lithiamu nayo ina masharti: isichajiwe kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0, na chaja iwe ya aina yake.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa redio ya wati 100, inayokula ampia 1 ikisikiliza na 20 ikirusha: unakaribia ampia-saa 70 kwa siku. Kushuka kutoka wati 100 hadi 10 kunapunguza mawimbi kwa desibeli 10 tu (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), tofauti ambayo antena nzuri inaweza kufidia sehemu kubwa yake. Paneli ndogo ya sola inasaidia, lakini usiipangie kazi kana kwamba mawingu hayapo.

Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha ya betri. Inalinda waya usiwake moto. Ikiwekwa upande wa redio, waya wote uliobaki nyuma yake hauna ulinzi. Plagi za umeme ziwe za aina moja kwenye vifaa vyote, na ikiwezekana ziwe zile ambazo kikundi chako kimekubaliana, ili mweze kuazimana betri bila kukata nyaya.

Antena fupi ya mpira inayokuja na redio ya mkononi ndiyo kiungo dhaifu kuliko vyote. Kwa bendi ya mita 2 (masafa ya karibu 144 MHz), antena ya waya bapa ya kukunja, yenye urefu wa takriban mita 1.5, inaingia mfukoni na ukiitundika juu ya mti unasikika vizuri zaidi. Angalia tu kebo inayounganisha antena na redio: ile nyembamba iitwayo RG-58, ikiwa ya mita 15, inapoteza karibu nusu ya nguvu kwenye masafa hayo. Kwenye 7 MHz kebo hiyohiyo haina shida. Huko, daipoli (antena ya waya inayolishwa katikati) ya mita 20 hivi iliyotundikwa chini, mita 3 hadi 5 tu kutoka ardhini, hurusha mawimbi kuelekea juu yakarudi kufunika eneo la kilomita mia kadhaa kukuzunguka. Kwa msaada wa maafa, mara nyingi hilo ndilo eneo unalolihitaji. Beba kamba na adapta za viunganishi, na usitupe kamba popote karibu na nyaya za umeme.

Karatasi zinadharauliwa bure. Weka nakala ya leseni, orodha ya masafa iliyochapishwa (pamoja na ya kuzungumza moja kwa moja redio kwa redio, kwa siku ambayo ripita, yaani kituo kinachopokea na kurusha tena mawimbi, imezimika), fomu za ujumbe na penseli, ambayo huandika hata palipo na unyevu. Saa moja ya mkononi iwe kwenye UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Maji, chakula, dawa zako na taa ya kichwani havihitaji maelezo marefu: mtu wa kujitolea asiyejitosheleza anageuka mzigo kwa waokoaji.

Begi likishakamilika, usiazime kitu ndani yake, hata adapta moja. Kila baada ya miezi michache litoe nje, ufunge mitambo yote, uzungumze na mwenzako kwa betri pekee hadi muda uliokusudia uishe. Kilichokosekana kitajionyesha chenyewe. Kisha livae mgongoni utembee nusu saa. Likikushinda, ligawe: begi dogo la redio ya mkononi unaloondoka nalo mara moja, na la pili la betri kubwa na daipoli litakalofuata kwa gari.