Mwimbaji kiongozi wa wimbi jipya: maana yake kwa kumtazama Debbie Harry

Niu wevu, yaani wimbi jipya, ni jina la muziki uliochipuka New York na London katikati ya miaka ya 1970, ubavuni mwa panki, yaani roki fupi, ya kasi na ya ukaidi. Ulirithi ufupi na ukali wa panki, ila haukuona haya kuchota disko, rege na vinanda vya umeme. Mwimbaji kiongozi wa bendi za namna hii hakuwa sauti tu. Ndiye aliyekuwa sura ya bendi, na mara nyingi watu walidhani bendi ni yeye.

Hilo lilimpata hasa Debbie Harry wa Blondie, bendi ya New York. Jina la bendi lilitokana na madereva wa malori waliokuwa wakimpigia kelele za “Blondie” barabarani, yaani mwenye nywele za rangi ya dhahabu, kwa sababu ya nywele zake alizozitia rangi. Wasikilizaji wakadhani Blondie ndilo jina lake, mpaka zikatengenezwa beji za kuwakumbusha kwamba Blondie ni kundi la wanamuziki!

Wala hakuwa binti mdogo aliyeokotwa na meneja. Alizaliwa mwaka 1945. Aliwahi kuwa karani katika ofisi ya BBC jijini New York, akahudumia wateja baa, akawa mwitikiaji kwenye bendi nyingine. Blondie waliianzisha mwaka 1974, yeye na mpiga gitaa Chris Stein, wakawa wanapiga katika klabu ya CBGB. “Heart of Glass”, wimbo alioutunga na Stein, uliposhika namba moja Uingereza na Marekani mwaka 1979, alikuwa na miaka 33. Baadhi ya watu wa panki walinuna: disko tena? Lakini kuchanganya huko ndiko wimbi jipya lenyewe. “The Tide Is High” waliuchukua kwa Paragons, kundi la Jamaika, na mwaka 1981 “Rapture” ukawa wimbo wa kwanza wenye rap kushika namba moja Marekani.

Kwa hiyo neno “sura” linampunja. Maneno ya “Call Me”, wimbo mwingine wa Blondie, aliyaandika yeye, juu ya muziki wa mtayarishaji wa disko Giorgio Moroder.

Bendi ilivunjika mwaka 1982. Stein aliugua vibaya, na Harry ndiye aliyemuuguza. Bendi ilirudi pamoja mwaka 1997, na miaka miwili baadaye “Maria” ikapanda hadi namba moja Uingereza, mwimbaji akiwa na miaka 53.