Pipa umelimwaga, na mayai je?

Tangu mvua ianze simu za malalamiko haziishi, na nyingi si za mbu, ni za kutulalamikia sisi maafisa wa afya ya umma, ati tunaingia nyua za watu, tunafunua matangi, tunaandika notisi. Basi wacha nieleze habari ya dengi, homa ya virusi inayoletwa na mbu, manake naona hatuelewani.

Wiki jana niliingia nyumba moja Kisauni, hapa Mombasa, nyuma kuna pipa la bluu la kuwekea maji ya mkokoteni. Bi mkubwa mwenyewe akaniambia, "Mwanangu, hili nalimwaga kila Ijumaa, mbu watoke wapi?" Na kweli lilikuwa tupu. Nikawasha tochi ya simu nikamwonyesha ndani, pale maji yalipokuwa yamefika kulikuwa na mstari mweusi kama pilipili manga iliyosagwa. Hayo ndo mayai. Mbu wa dengi, Aedes aegypti, hutaga kwa ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hukaa makavu hata miezi yakingoja maji yarudi. Yakirudi, kwa joto letu hili, kama wiki moja hivi mbu washaruka. Kwa hivyo kumwaga pekee hakusaidii, sugua ukuta kwa brashi kila wiki alafu funika kwa mfuniko unaobana. Gunia lililotupiwa juu si mfuniko.

Na tafadhali tuache hii habari ya mtaro. Kila baraza naambiwa nikaangalie mtaro wa barabarani kwanza. Uzibuliwe, sawa, lakini huyu mbu anapenda maji ya nyumbani, pipa, ndoo, tairi, kisahani cha chini ya chungu cha maua, na haendi mbali, aliyekuuma pengine kazaliwa kwako au kwa jirani. Tena anauma mchana. Neti ya usiku endelea nayo kwa malaria, ila haitakukinga saa kumi na moja jioni umekaa barazani.

Mwaka 2013 dengi ilipozuka Mombasa, watafiti walipima watu 1,500 wa nyumba 701, wakapata 210 wana maambukizi ya wakati ule au ya karibuni. Kati ya hao 93 walisema walikuwa na homa mwezi ule, 68 wakaenda kutibiwa, na katika 32 walioambiwa wanaumwa nini, 31 waliambiwa malaria! Ndo maana nasema kipimo cha malaria kikionyesha huna, usiende dukani kununua dawa ya malaria, muulize daktari kuhusu dengi. Meza paracetamol, kunywa maji mengi, lakini diklofenaki, ibuprofeni na aspirini wacha kabisa, zinaongeza hatari ya kutokwa na damu. Na homa ikishuka usidhani umepona, hapo ndo wengine huzidiwa. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo, fizi zikitoka damu, hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa notisi. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu maji yenye viluwiluwi vya mbu kuwa kero kisheria. Afisa akija muulize kitambulisho cha kazi. Akikuta viluwiluwi anakuandikia notisi, inasema tatizo ni nini na ulitoe ndani ya muda gani, muda ukiisha anarudi kukagua. Umerekebisha, yameisha, notisi hailipiwi. Hujarekebisha, unaitwa mbele ya hakimu, korti inatoa amri na inaweza kukupiga faini, na ukikaidi amri faini inahesabiwa kila siku, alafu tunaweza kuingia tufanye ile kazi wenyewe na gharama tukudai wewe. Kasoro ikiwa ya jengo, mfano tangi la juu limejengwa bila mfuniko, au nyumba haina mtu, notisi ni ya mwenye nyumba. Kwa hivyo mpangaji usiichane, mpelekee.

Yule bi mkubwa sikumwandikia kitu, viluwiluwi havikuwepo. Alimwita mjukuu na brashi tukalisugua pale pale, maji yakatoka na chembe nyeusi, tukayamwaga mchangani penye jua kali.