Masizi ya sufuria, mapafu yako na joto la dunia

Pitisha kidole chini ya sufuria iliyopikiwa kuni. Weusi unaobaki kidoleni ni masizi, na hayo ni yale tu yaliyogandia pale. Mengine yalipaa na moshi. Yako yaliyoingia kifuani mwa mpishi na mwa mtoto aliyekaa karibu naye, na yako yaliyotoka nje yakaenda angani. Kifuani, chembe zake, nyembamba mno kuliko unywele, hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Angani, weusi ule ule hufyonza joto la jua kama kitambaa cheusi kilichoanikwa.

Ndiyo maana nikiulizwa mtu aanzie wapi kulinda afya yake na tabianchi kwa pamoja, mimi huanzia jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 2.1 wanapikia moto wa wazi au majiko yenye moshi mwingi, na kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Inaniuma, maana wanaouvuta zaidi moshi huo ni wanawake na watoto wadogo. Lakini hapa pana la kutia moyo: hewa ya ukaa hudumu angani karne nyingi, masizi hudumu siku au wiki chache tu. Moshi ukipungua leo, nafuu haichelewi.

Mwenye uwezo ahamie umeme au gesi. Gesi nayo inachangia joto la dunia, sitalificha hilo, ila kwa mapafu ni afadhali sana kuliko kuni. Asiye na uwezo akaushe kuni zake barabara, kwa sababu kuni mbichi hupoteza moto mwingi kukausha maji yake yenyewe, na hapo ndipo moshi unapotanda. Funika sufuria. Loweka maharage usiku kucha na maji yake uyamwage. Yataiva kwa muda mfupi zaidi. Dirisha nalo lifungue, litampunguzia mpishi moshi, ingawa anga halitapata nafuu yoyote.

Hayo maharage, pamoja na jamii yote ya kunde, yana faida nyingine. Yana protini na nyuzinyuzi, na bakteria wa kwenye mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani, hivyo hayadai mbolea nyingi ya viwandani. Ng'ombe, mbuzi na kondoo, wao hutoa methani wanapomeng'enya majani, gesi ambayo ndani ya miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule. Anayekula nyama nyekundu kila siku akiweka kunde siku kadhaa za wiki, moyo na utumbo wake utafaidika. Simsemei mtoto mwenye utapiamlo wala mjamzito aliyepungukiwa damu. Hao, wakipata nyama, wale.

Halafu kuna safari fupi. Injini ikiwa bado baridi hutoa moshi mchafu zaidi, kwa hiyo gari la kwenda mtaa wa pili huchafua kuliko umbali wenyewe unavyoonyesha. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka dakika 22 kila siku kunatosha kuzifikisha. Ukiweza pita njia ya ndani, mbali na barabara kuu, usije ukavuta moshi wa magari ya wenzako.

Chakula kinachotupwa na kufukiwa jalalani huoza bila hewa na kutoa methani. Pakua kidogo, uongeze ukihitaji. Kilichobaki kiweke kwenye jokofu kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu kiive, na kesho ukipashe moto mpaka kifuke mvuke hadi katikati.