"Ndiye Aliyekuwa Anachapa Kazi Kuliko Wote": Dhana Potofu Kuhusu Umeneja

Nikiitwa kuangalia idara iliyokwama, huuliza kwanza mkuu wake alipatikanaje. Jibu nimeshalikariri: "Ndiye aliyekuwa anachapa kazi kuliko wote." Hutolewa kwa fahari, kana kwamba limefunga mjadala. Nimelisikia mno, na leo nataka kulijibu kwa urefu.

"Mtendaji bora ndiye meneja bora"

Nakubali kwamba dhana hii ina mantiki yake. Watu humheshimu anayeijua kazi, na ukimruka mchapakazi ukampa cheo mwingine, utasikia minong'ono korido nzima. Lakini mhasibu kazi yake ni kufunga hesabu. Mkuu wa wahasibu kazi yake ni kuhakikisha watu wengine wanafunga hesabu bila yeye kuwashikia kalamu. Ni kazi mbili, na unaweza kuifanya ya kwanza miaka kumi bila kugusa ya pili hata siku moja.

Mwaka 1969 Laurence J. Peter na Raymond Hull waliliandika jambo hili kwa mzaha: katika ngazi za vyeo, kila mtu hupanda mpaka afike mahali asipoweza kazi, akabaki hapo. Watu wakacheka, kisha wakaendelea kupandishana vyeo vile vile. Mwaka 2019 wanauchumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha utafiti wa wauzaji wa kampuni 131. Waliona kwamba wauzaji wakali ndio waliopandishwa zaidi, na kwamba miongoni mwa waliopandishwa, kadiri mtu alivyokuwa ameuza zaidi yeye mwenyewe, ndivyo mauzo ya walio chini yake yalivyoelekea kuwa mabaya. Waliozoea kufunga mauzo kwa kushirikiana na wenzao ndio waliokuja kuwa mameneja wazuri.

Msinielewe vibaya. Kuuza vizuri hakumharibu mtu. Ila muuzaji wa kawaida akipandishwa, maana yake kuna mtu aliona kitu kingine ndani yake. Yule bingwa hakuna aliyejisumbua kutazama kingine. Namba zake zilitosha. Google nao walipochunguza kuanzia mwaka 2008 ni nini kinachowatofautisha mameneja wao wazuri, walipata tabia 8. Kuwa mwalimu mzuri kwa timu kulikuwa juu kabisa. Ujuzi wa kiufundi ulikuwa wa nane, na hiyo ni kampuni ya wahandisi!

Nieleze basi ninachokiona mimi. Saa mbili usiku, mkuu mpya bado yuko ofisini. Amefungua ripoti ya kijana wake na anaiandika upya, aya baada ya aya, kwa sababu anajua ataimaliza haraka kuliko kueleza kasoro iko wapi. Asubuhi anamwambia, "Nimeirekebisha kidogo." Kijana anaifungua na hakuna sentensi yake hata moja iliyobaki. Mwezi unaofuata analeta ripoti nusunusu. Ajitese kwa nini, wakati itaandikwa upya? Mkuu anapiga meza: "Mnaona? Hawa hawawezi!" Mwisho wa mwaka tathmini inasema idara ina bosi mchapakazi na watumishi wavivu. Shirika limempoteza mtendaji wake bora, meneja halijampata, na anayelaumiwa ni kijana.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua ya uteuzi, waulizeni walioajiriwa karibuni swali moja: nani hasa aliyekufundisha kazi hapa? Jina litakalojirudia ndilo la kuanza nalo, hata kama mwenyewe hayumo kwenye orodha ya watendaji bora. Kisha mpeni akaimu, na muafikiane mapema, kwa maandishi, kwamba akirudi kwenye nafasi yake ya zamani hatapoteza mshahara wala heshima. Bila hiyo njia ya kurudi, kukaimu ni uteuzi tu uliofichwa.

Na jambo la mwisho hapa, ambalo nikilisema mbele ya bodi mtu wa fedha hukohoa: wengi wanaotaka umeneja wanatafuta mshahara. Kama kwenye shirika lenu njia pekee ya kulipwa zaidi ni kusimamia watu, basi mtapata wasimamizi wasiopenda kusimamia. Wekeni ngazi ya kitaalamu, mtu apande kwa ujuzi wake bila kukabidhiwa mtu hata mmoja.

"Uongozi ni kipaji, mtu huzaliwa nao"

Richard Arvey na wenzake waliwalinganisha pacha wa kufanana na wasiofanana mwaka 2006. Walikadiria kwamba urithi unaeleza takriban asilimia 30 ya tofauti kati ya watu katika kushika nafasi za uongozi. Si kidogo, lakini sehemu kubwa inabaki kwenye malezi, nafasi mtu alizopewa na mazoezi. Huwa naona anayeshikilia dhana hii ni yule ambaye hataki kugharamia kumfundisha mtu.

"Mimi ni kiongozi, mambo ya usimamizi nawaachia wengine"

Hii sina subira nayo. Dira nzuri haimsaidii mtu ambaye ombi lake la likizo lina wiki tatu mezani kwako. Nicholas Bloom na John Van Reenen walichapisha mwaka 2007 utafiti wa kampuni 732 za viwanda katika Marekani, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Walipima mambo ya kuchosha: kuweka malengo, kufuatilia, kupandisha watu kwa utendaji. Kampuni zilizoyafanya vizuri zilikuwa na tija na faida kubwa zaidi, na zilidumu zaidi.

"Mrejesho wowote ni mzuri"

Hapana. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi za mrejesho mwaka 1996 na kukuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo, utendaji ulishuka baada ya mrejesho. Unapoigusa nafsi ya mtu badala ya kazi yake, anaanza kujitetea. "Huna umakini" haimwambii chochote. "Jedwali la pili halilingani na la tano" anaweza kulirekebisha kabla ya mchana.

"Tumpeleke semina, atabadilika"

Atarudi na cheti na picha ya pamoja. Yule aliyekuwa anaandika upya ripoti za watu usiku ataendelea kuziandika, maana hakuna aliyemwondolea sababu ya kufanya hivyo: bosi wake bado anampima kwa ubora wa ripoti. Semina si mbaya, ila mimi siendeshi tena ya siku mbili bila masharti. La kwanza, kila meneja atenge nusu saa kwa wiki kwa kila aliye chini yake, ana kwa ana, na kikao hicho kisiahirishwe kwa sababu ya kikao kingine. La pili, bosi wake amuulize kila mwezi ni kazi gani aliyomwachia mtu mwingine, na ameharibikiwa wapi. Wakikubali hayo mawili, tunapanga tarehe.