Ukishamjua Mhalifu, Ndipo Usomaji Unapoanza

Mfano wetu ni hadithi fupi ya upelelezi ya Arthur Conan Doyle, "Silver Blaze" (1892), na siri yake tunaifichua hapa chini. Ambaye hajaisoma aisome kwanza.

Dhana: Ukishajua nani kafanya, hadithi haina faida tena.

Kwa anayesoma kupitisha muda, huenda. Kwa anayetaka kuandika, mara ya kwanza ni ya kuchezewa tu. Simama kabla mpelelezi hajaanza kueleza, andika unamshuku nani na kwa nini. Kisha rudia toka mwanzo na kalamu za rangi mbili, moja ya madokezo ya kweli, nyingine ya yale yanayopotosha. Pembeni ya kila dokezo la kweli andika ni kitu gani kilikufanya ulipite bila kulijali. Maandishi hayo ya pembeni ndiyo darasa lenyewe.

Dhana: Mwandishi hodari huyaficha madokezo.

Huyaweka hadharani, ila anakushughulisha na jambo jingine. Farasi wa mashindano katoweka usiku, na Straker, mkufunzi wake, kakutwa amekufa. Mapema kabisa tunaambiwa kwamba kijana wa zamu bandani alilishwa afyuni, dawa ya kulevya, ndani ya mchuzi wa kondoo wenye bizari, na kwamba mgeni alipotokea dirishani, kijana alikimbilia kumfungulia mbwa. Sote macho kwa mgeni! Lakini bizari ndiyo iliyofunika ladha ya afyuni, na mgeni hana uwezo wa kuamua nyumbani kwa mkufunzi kutapikwa nini usiku huo. Mbwa naye, mtu alipoingia baadaye kumtoa farasi, hakubweka kiasi cha kuwaamsha vijana wawili waliolala darini. Alimjua aliyeingia: ni Straker mwenyewe.

Angalia vilivyopachikwa. Mchuzi umo katika habari za kijakazi anayepeleka chakula, mbwa yumo katika purukushani ya kumfukuza mgeni. Wanaoanza kuandika hulitengea dokezo aya yake peke yake, na hapo msomaji anashtuka.

Dhana: Washukiwa wengi, utamu mwingi.

Utamu unatoka kwenye hesabu kufungwa. Skafu ya mgeni inakutwa mkononi mwa maiti, dalili nzito. Mwishoni tunaelezwa kuwa aliiangusha akikimbia, Straker akaiokota. Mshukiwa mmoja wa namna hiyo anawashinda watano wanaodanganya bila sababu. Unapoandika yako, orodhesha kila dalili inayomwelekea asiye na hatia, na mbele yake sentensi moja inayoieleza. Dalili iliyokosa sentensi ama uitafutie sababu, ama uifute.

Dhana: Bila mauaji hakuna fumbo.

Fumbo kuu la *The Moonstone* ya Wilkie Collins (1868), riwaya nene, ni almasi iliyoibwa. Na Straker, kwa taarifa yako, aliuawa kwa teke la farasi.

Dhana: Kanuni za mabingwa wa zamani ni sheria.

Ronald Knox, padri na mwandishi wa Uingereza, alitoa 10 mwaka 1929, nyingine kwa utani mtupu. Vyumba vya siri, kwa mfano, aliruhusu kimoja tu. Nyingi zimevunjwa na hadithi zikanoga. Mbili tu ndizo zinazoumiza zikivunjwa: mhalifu atajwe mapema, na mpelelezi asitegemee dokezo ambalo msomaji hakuonyeshwa. Doyle mwenyewe aliteleza kwa hiyo ya pili, miaka mingi kabla Knox hajaiandika. Katika riwaya ya kwanza ya mpelelezi wake Sherlock Holmes, ya 1887, Holmes anapata kwa telegramu kutoka Marekani jina la mtu anayemtafuta, halafu ananyamaza nalo hadi mtu huyo amekamatwa. Kalamu zako za rangi hazitapata cha kupigia mstari hapo, hata ukirudia mara kumi.